Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya malikale: mkate wa Paulo na Antoni umeliwa na mvua

Kwa Waheshimiwa Mkurugenzi na Wajumbe wa Kamati,
Ofisi yenye dhamana ya malikale katika kaunti yetu,
Ireland.

YAH: MSALABA WA JIWE ULIOMO KATIKA MAKABURI YA KIJIJI CHETU

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni fundi mawe, mzaliwa wa Tanga, na nimeishi katika kijiji hiki cha mashariki mwa Ireland tangu 2008. Jina la kijiji silitaji hapa kwa makusudi, kwa kuwa barua hii itasomwa na wengi, na si kila anayeingia makaburini jioni huwa amekuja kuwaombea marehemu. Ninyi mnakijua. Namba ya jalada mliyonipa wenyewe nimeiandika juu ya barua zangu zote nne, ya kwanza ikiwa ya Machi 2022 na ya mwisho ya Februari 2025. Barua ya kwanza ilijibiwa kwa mistari mitatu ya kunishukuru. Ya pili iliniambia kwamba suala langu limepelekwa kwenye kitengo kinachohusika. Ya tatu ilimleta afisa mmoja, mtu mwungwana, aliyesimama mbele ya msalaba kwa muda usiofika nusu saa, akapiga picha kwa simu yake, akaniahidi taarifa ambayo hadi leo sijaiona. Ya nne haikujibiwa.

Zote nne niliziandika kwa Kiingereza. Hii naiandika kwa Kiswahili na tafsiri yake nimeiweka katika bahasha mtakayoipokea wiki hii. Nimeamua kuitangaza kwa lugha yangu kwa kuwa wapo wasomaji wa Kiswahili wengi kuliko mnavyodhani wanaoishi Dublin, Cork na Galway, wanaolipa kodi inayotunza malikale hizi, na ambao wamekuwa wakiniuliza kila mwaka, ninapowatembeza pale, mbona sura za watu katika jiwe lile zinazidi kuwa kama sura za watu waliojifunika shuka.

Kwa ambao hawajapata kuuona msalaba wa aina hii, niruhusiwe kueleza kidogo kabla ya kulalamika. Kati ya karne ya 8 na ya 12, monasteri za Ireland zilisimamisha misalaba ya mawe inayozidi kimo cha mtu mara mbili, wakati mwingine mara tatu, yenye duara la jiwe linalounganisha mikono na mwili wa msalaba. Ulio mashuhuri kuliko yote ni msalaba wa Muiredach, huko Monasterboice katika kaunti ya Louth, wenye kimo cha mita 5 na ushei, uliochongwa kwa jiwe la mchanga mwanzoni mwa karne ya 10 au karibu na hapo. Upande wake wa mashariki, katikati ya duara, kuna Hukumu ya Mwisho: Kristo amesimama, Daudi anapiga kinubi upande mmoja pamoja na waliookolewa, na upande wa pili shetani anawaswaga waliolaaniwa kwa uma wa meno matatu kama mchungaji anayewatoa ng'ombe katika shamba la watu. Chini yake Malaika Mkuu Mikaeli anapima roho, na shetani mwingine, aliyelala chali chini ya mizani, anaisukuma kwa fimbo ili ielemee upande wake. Kila ninapomtazama shetani yule nacheka, maana namfahamu. Nimewahi kununua samaki kwa muuzaji wa namna hiyo.

Misalaba hii haikuwekwa juu ya makaburi ya watu binafsi, ingawa leo mingi imezungukwa na makaburi. Ilikuwa alama ya mipaka ya mahali patakatifu, mahali pa kusalia na kuhubiria, na tena ilikuwa kitabu cha watu ambao wengi wao hawakujua kusoma. Katika msalaba wa Muiredach mtu huanza chini kwa Adamu na Hawa, na Kaini akimpiga Abeli, kisha hupanda kwa Daudi na Goliathi, Musa akiupiga mwamba, Mamajusi wakimzuru Mtoto, hadi kufika kwenye Hukumu. Upande wa pili hupanda hadi Kusulubiwa. Watu wengi huulizana kwa nini kuna lile duara. Wapo wanaosema ni mwanga wa utukufu, wapo wanaosema limetoka katika misalaba ya mbao na madini iliyotangulia, na kwa hakika ukienda Ahenny katika kaunti ya Tipperary utaona misalaba ambayo mchongaji wake aliiga kazi ya mfua madini hadi kwenye vifundo vinavyofanana na vichwa vya misumari. Mimi kama fundi naongeza jambo moja dogo: mikono ya jiwe iliyotokeza bila kushikwa na kitu huvunjika kirahisi, na aliyetia duara lile alikuwa ameshapata hasara ya jiwe angalau mara moja maishani mwake.

Msalaba wetu ni mdogo kuliko huo wa Muiredach. Una mita 3 na nusu, umepoteza jiwe lake la kileleni, na hakuna maandishi yanayosomeka. Lakini ni jiwe la mchanga lile lile, na mchongaji wake hakuwa mwanafunzi. Nilipofika 2008 niliweza kumwonyesha mgeni Danieli kati ya simba, Abrahamu akiwa na kisu juu ya Isaka, na picha niipendayo kuliko zote, Paulo wa jangwani na Antoni wakimega mkate. Hao walikuwa wazee wawili wa jangwa la Misri, Waafrika. Masimulizi ya kale yanasema kunguru alikuwa akimletea Paulo nusu mkate kila siku, na siku Antoni alipomtembelea akaleta mkate mzima. Wazee wakabishana kwa adabu nani aumege, kila mmoja akimpisha mwenzake, hadi wakaamua kuushika huku na huku na kuuvuta kwa pamoja. Picha hiyo imechongwa katika misalaba mingi ya Ireland, ukiwemo wa Muiredach na ule wa Moone katika kaunti ya Kildare. Siku ya kwanza nilipoiona katika jiwe letu, katika baridi ya Novemba, nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Wazee wa Misri walikuwa wamefika huku miaka elfu moja kabla yangu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mvua inaufuta msalaba, na hakuna anayepima kasi yake.

Jiwe la mchanga ni chembe za mchanga zilizogandamana kwa gundi ya asili iliyomo kati yake. Maji huingia katika vitundu vidogo vilivyo baina ya chembe. Usiku wa baridi kali maji hayo huganda, na maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9, kwa hiyo huisukuma ngozi ya jiwe kutoka ndani. Asubuhi jua likitoka huyeyuka, usiku huganda tena. Chumvi zilizomo katika maji nazo hubaki ndani yanapokauka, hujenga fuwele, na fuwele hufanya kazi ile ile ya barafu hata wakati wa kiangazi. Juu yake kuna mimea midogo ya kijivu na ya njano inayong'ang'ania jiwe na kushikilia unyevu. Matokeo yake si jiwe kupungua taratibu na kwa usawa kama sabuni, jambo ambalo ofisi yenu inaelekea kuliamini. Jiwe huonekana zima kwa miaka mingi, ukiligonga kwa kidole husikia sauti ya kitu kilicho wazi ndani, kisha siku moja ngozi yenye unene wa sarafu hudondoka, na picha yote iliyokuwa juu yake huenda nayo.

Hivyo ndivyo mkate ulivyoondoka. Nimekuwa nikiupiga msalaba picha kila Januari tangu 2010, mahali pale pale, saa ile ile mwanga unapouangaza kwa ubavu. Katika picha za miaka ya mwanzo mkate unaonekana duara kati ya mikono ya wazee, na kunguru yuko juu yao. Mwaka 2017 kunguru hayupo. Mwaka 2021 mkate haupo, na kati ya wazee wawili pamebaki baka jeupe la jiwe jipya, lenye ukubwa wa kiganja cha mtoto. Nilikuta kipande chake majanini. Nilikifunga katika kitambaa, nikakiweka ndani ya sanduku, na katika barua ya kwanza nikawaomba mje mkichukue. Bado ninacho. Si changu, na sioni raha kulala nyumba moja nacho.

2. Msalaba ulioshwa kwa mashine ya maji ya msukumo mkali.

Hili lilitokea kabla ya sherehe ya kijiji ya kiangazi cha 2022. Waliofanya hivyo walikuwa watu wa kujitolea wenye nia njema, majirani zangu, ambao walitaka msalaba upendeze mbele ya wageni, na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na ofisi ambayo haikuwa imeweka pale hata kibao kimoja cha kuwaambia wasifanye. Mashine ile inaweza kung'oa rangi ya gari. Kwa jiwe lenye ngozi iliyolegea inang'oa yote yaliyokuwa yanasubiri barafu ya miaka kumi ijayo. Waliutoa ule ukungu wa kijani, ni kweli, na kwa wiki tatu msalaba ulikuwa na rangi ya mkate uliotoka tanuri. Mguu wa Isaka ulikwenda na maji. Nilipowaeleza majirani walisikitika sana, na mmoja wao, mama mtu mzima ambaye wazazi wake wamezikwa hatua kumi kutoka hapo, aliniuliza kwa nini hakuna aliyewahi kuwaambia. Swali hilo nilililipeleka kwenu katika barua ya pili, na leo nalirudia.

3. Mashine ya kufyekea nyasi inapiga kitako.

Mkandarasi anayekata nyasi hupita mara mbili kwa mwezi katika majira ya joto, na uzi wa plastiki wa mashine yake hukwaruza jiwe la kitako pande zote nne. Mtu anaweza kudhani kitako si kitu, kwa kuwa macho ya wageni huenda juu. Basi aende Monasterboice atazame chini, upande wa magharibi wa msalaba wa Muiredach. Hapo kuna paka wawili waliolala, kila mmoja amekumbatia kiumbe kidogo kwa mikono yake ya mbele, na juu yao yamechongwa maneno ya Kiairishi cha kale yanayoomba sala kwa ajili ya Muiredach, aliyeufanyiza msalaba huo. Wataalamu wengi wanamtambua kuwa ni abate, yaani mkuu wa monasteri, Muiredach mac Domhnaill, aliyefariki 923. Msalaba wa Maandiko wa Clonmacnoise nao una maandishi sehemu ya chini, yanayotaja Mfalme Flann na Colmán, na kwa sababu ya herufi hizo chache zilizochakaa ndipo tunapoweza kuuweka karibu na mwanzo wa karne ya 10. Tarehe za misalaba hii zinaning'inia juu ya mistari iliyo katika usawa wa magoti ya mtu. Kwetu hakuna maandishi yanayosomeka, lakini kuna mikwaruzo miwili iliyonyooka upande wa kaskazini ambayo mimi, ambaye nimeshika patasi miaka 30, siamini kuwa ni ya bahati mbaya. Kila mwaka inapungua kina.

4. Sarafu katika nyufa.

Wageni wamezoea kuchomeka sarafu katika ufa ulio chini ya mkono wa kusini. Madini hayo hupata kutu, kutu hutanuka, ufa nao hutanuka. Kibao cha maneno kumi kingetosha.

5. Hakuna kumbukumbu ya hali ya msalaba.

Niliomba kuona vipimo au picha rasmi zilizomo katika jalada. Nilijibiwa kwa simu kwamba kuna mchoro mmoja na picha chache za nyeusi na nyeupe. Waheshimiwa, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, makumbusho ya Dublin yalituma mafundi kutengeneza nakala za plasta za misalaba mikubwa, kipande kwa kipande, kwa saizi ile ile, bila umeme wa maana na kwa barabara za wakati huo. Nakala hizo zimekuwa hazina, kwa sababu zilishika sura ya jiwe kama lilivyokuwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, kabla ya moshi na mvua ya karne nzima. Mwaka 2005 baadhi yake zilisafirishwa hadi Japani kwa maonyesho ya dunia ya Aichi. Leo kazi ya namna hiyo hufanywa kwa mwanga wa leza bila kuligusa jiwe hata kidogo, na msalaba wa ukubwa wa wetu hauhitaji siku nyingi. Kwa hiyo sielewi iweje mababu wa ofisi hizi, wenye ndoo za plasta, watuzidi.

Najua majibu mtakayotoa, kwa sababu baadhi nimeshayasikia, na mengine nimeyasikia yakitolewa kwa watu wa vijiji vingine.

Mtasema kwamba msalaba umesimama zaidi ya miaka 1,000 na hautaanguka kesho. Sijasema utaanguka. Jiwe litasimama miaka 1,000 mingine. Kitakachoondoka ni milimita chache za juu, na kila kitu kinacholifanya liwe msalaba wa Danieli na Isaka na wazee wa Misri kimo ndani ya milimita hizo. Tena si kweli kwamba misalaba hii imesimama tu bila kuguswa tangu wachongaji walipoweka patasi chini. Msalaba wa Soko wa Kells, katika kaunti ya Meath, ulisimamishwa upya 1688, inasimuliwa kwamba baada ya maasi ya 1798 dhidi ya utawala wa Uingereza watu walinyongwa juu yake, na katika zama zetu uligongwa na basi, ndipo ukahamishwa na kuwekwa chini ya paa nje ya jengo la mahakama ya zamani. Msalaba wa Moone ulikuwa vipande vilivyofukiwa ardhini, ukafukuliwa na kuunganishwa katika karne ya 19, na kufukiwa huko huenda kumeusaidia: mitume wake kumi na wawili, vijitu vya mraba vyenye macho ya mshangao, bado wanahesabika mmoja mmoja, na simba saba wa Danieli nao wanahesabika. Moone ni jiwe la itale, gumu kuliko letu mara nyingi, na hata hivyo leo uko ndani ya magofu ya kanisa yaliyoezekwa paa linalopitisha mwanga. Letu ni jiwe la mchanga, laini, na liko wazi.

Mtasema kwamba kuuhamisha msalaba ni kuung'oa katika mahali pake. Hoja hii naiheshimu kuliko zote, na majirani zangu wengi wanaishika. Padri wetu aliyestaafu aliwahi kuniambia kwamba msalaba ndani ya ukumbi wenye taa ni kama simba katika bustani ya wanyama, na sikuwa na jibu la haraka. Lakini jambo hili limeshafanyika na linaweza kutazamwa. Clonmacnoise, monasteri iliyoanzishwa na Mtakatifu Ciarán kando ya mto Shannon, katika kaunti ya Offaly, katikati ya karne ya 6, ilikuwa na misalaba yake nje hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ikaingizwa ndani ya jengo la wageni, na nakala zikasimamishwa palepale ilipokuwa. Nimekwenda mara tano. Mara ya kwanza nilikwenda nikiwa na kinyongo. Nje nilikuta watu wanasali mbele ya nakala bila kusumbuka, upepo wa Shannon ukiwapiga, na ndani nikakuta kwamba naweza kusimama sentimita chache kutoka kwenye jiwe lenyewe na kuona mahali ambapo patasi ya fundi iliteleza. Msalaba wa Durrow, katika kaunti hiyo hiyo ya Offaly, umeingizwa katika kanisa lililo jirani nao, na msalaba wa Mtakatifu Patrick wa Cashel umo ndani huku nakala yake ikisimama nje juu ya mwamba. Sidai kwamba njia hiyo ndiyo itufae sisi. Huenda paa dogo la kioo juu yake lingetosha, kama lile lililowekwa juu ya misalaba ya Kilfenora katika kaunti ya Clare. Na paa la kioo nalo lina madhara yake likijengwa ovyo, kwa kuwa joto na unyevu vikifungiwa chini yake jiwe hutoka jasho, na chumvi zilizokuwa zimetulia huanza kutembea. Ndiyo maana naomba mtaalamu aje aseme. Kinachonichosha ni kwamba miaka inakwenda kwa kuogopa uamuzi mbaya, na wakati huo mvua haiogopi.

Mtasema fedha hazitoshi na misalaba ni mingi. Ni kweli, misalaba na vipande vya misalaba ni vingi nchini, na Muiredach lazima atangulie mbele ya wa kwetu ambao hauna hata jina. Lakini mengi ninayoyaomba hapa chini hayana gharama ya kutaja. Turubai lenye hewa, lililofungwa juu ya fremu ya mbao kuanzia Novemba hadi Machi bila kugusa jiwe, ni kazi ya siku mbili, na mbao nitazitoa mimi. Kukata nyasi kwa mundu kuzunguka kitako ni kazi ya dakika ishirini; nimeshajitolea mara mbili kuifanya bure, na mara zote mbili nimejibiwa kwamba sina bima. Nimekata bima.

Mtasema, mwisho, kwamba mimi si mwenyeji. Hili hamjaliandika, nalisema kwa haki yenu. Lakini lilisemwa kwenye mkutano wa parokia na mtu aliyekuwa karibu sana na ofisi yenu, kwamba ni ajabu mtu wa kutoka mbali kiasi hicho kuhangaikia msalaba wetu. Niliinuka nikamweleza habari za Paulo na Antoni. Hakuwa akijua wao ni nani, ingawa alibatizwa hatua hamsini kutoka kwao.

Sheria iko upande wa jiwe. Tangu 1930 nchi hii ina sheria ya kulinda malikale za taifa, imerekebishwa mara kadhaa, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria mpya ya urithi wa kihistoria na wa akiolojia. Sitaki kumshitaki mtu. Sheria hiyo imewapa ninyi mamlaka ambayo mimi na mama yule mwenye wazazi makaburini hatuna: sisi tukiugusa msalaba hata kwa brashi laini tumevunja sheria, na tusipougusa tunakaa tukitazama. Kwa hiyo nawaomba yafuatayo, na tarehe nimeziweka kwa sababu barua zangu zilizotangulia hazikuwa nazo.

Kwanza, kabla ya tarehe 30 Septemba, nipate jibu la maandishi lenye jina la afisa mmoja anayehusika na msalaba huu, ambaye wanakijiji wanaweza kumpigia simu.

Pili, kabla ya baridi ya mwaka huu, mtaalamu wa kuhifadhi mawe aukague, aguse na kusikiliza kila upande, aandike mahali ngozi ilipolegea, na taarifa yake ibandikwe katika ukumbi wa parokia. Picha zangu zote tangu 2010 nitampa bila masharti.

Tatu, msalaba upimwe kwa leza mwaka huu huu, na kumbukumbu iwekwe mahali ambapo mwanafunzi yeyote anaweza kuiona.

Nne, mruhusu kifuniko cha muda cha miezi ya baridi, kwa michoro mtakayoidhinisha ninyi, na mpige marufuku kwa maandishi mashine ya maji na mashine ya kufyekea nyasi katika eneo la mita mbili kuzunguka kitako. Kibao cha sarafu kiwekwe hapo hapo.

Tano, baada ya taarifa ya mtaalamu, muitishe mkutano wa wazi kijijini kujadili kama msalaba ubaki nje chini ya paa, au uingie kanisani na nakala isimame mahali pake. Mkiamua ubaki kama ulivyo, mtueleze sababu, kwa maandishi, ili watakaokuja baada yetu wajue ni nani alitazama na akaamua nini.

Kuhusu kile kipande kilichomo katika sanduku langu, naomba aje mtu akichukue kwa hati ya makabidhiano. Nimepima: kinaingia sawasawa katika baka jeupe lililo kati ya mikono ya wazee, na upande wake wa juu bado kuna mstari mmoja uliopinda, ambao ndio ukingo wa mkate.

Natanguliza shukrani.

Wenu kwa heshima,

Fundi mawe, mkazi wa kijiji

Nakala:
Paroko na kamati ya makaburi ya parokia
Diwani wa eneo letu
Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi ya kijiji
Mkandarasi wa kukata nyasi
Mama mwenye wazazi makaburini, aliyeomba nakala yake ya Kiswahili pia, ingawa hasomi Kiswahili